"Saa kumi" ya nani? Maswali yenu kuhusu ushauri wa biashara na wanafunzi wa ng'ambo

Tanga na Eckernförde, mji mdogo wa kaskazini mwa Ujerumani, ni miji ndugu tangu 1963, na Toledo ya Marekani nayo imo katika udugu huo. Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wanafunzi wa vyuo walioko Tanga ambao wamewekwa timu moja na wenzao wa Ujerumani na Marekani, wamshauri mfanyabiashara mdogo wa hapa kwetu, kila kitu kupitia mtandao. Mtindo huu si mgeni duniani. Mradi wa X-Culture, ulioanza 2010 chini ya Vas Taras wa Chuo Kikuu cha North Carolina huko Greensboro, huwachanganya wanafunzi wa nchi mbalimbali katika timu moja na kuwapa tatizo la kampuni halisi. Ugeni uko katika mambo madogo ambayo mhadhiri hayataji, na hayo ndiyo mliyotuuliza.

Tuko sita: wawili Tanga, wawili Kiel huko Ujerumani, wawili Toledo. Niliandika "saa kumi", wa Kiel wakaingia kikaoni mapema kwa saa sita nzima. Tukasahihisha. Ilipofika Machi, wa Toledo nao wakaingia saa moja kabla ya wote, na wanaapa kwamba hawakubadilisha kitu. Tufanyeje? — Mwanafunzi, Chumbageni

Hayo ni makosa mawili yasiyo na uhusiano, kwa hiyo tuyatenge.

La kwanza ni la lugha. Sisi tunahesabu saa kuanzia macheo, kwa hiyo saa kumi ya alasiri ni 16:00. Programu za kutafsiri mara nyingi huiacha kumi ikawa kumi, na mgeni anasoma 10:00. Tofauti ni saa sita kamili, kila mara. Dawa ni kuandika tarakimu nne, 16:00, na Kiswahili chake pembeni kwa faida ya wa nyumbani. Tarehe nayo ina mtego wake: 4/5 kwa Mmarekani ni tarehe 5 Aprili, kwetu na kwa Mjerumani ni 4 Mei. Andika jina la mwezi. Na wale mliolelewa pwani, ambako usiku hutangulia mchana wake, mkisema "usiku wa Jumatano" mnakusudia Jumanne baada ya magharibi. Mgeni hawezi kulijua hilo, na hata mwenzako aliyetoka bara huenda asilijue.

La pili si kosa la mtu. Tanga haisogezi saa zake; wao wanazisogeza, tena kwa tarehe tofauti. Marekani husogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Ujerumani husogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Tanga huwa mbele ya Kiel kwa saa 2 wakati wa baridi yao na saa 1 wakati wa kiangazi chao. Mbele ya Toledo kwa saa 8, kisha 7. Kati ya Jumapili hizo mbili za Machi kuna wiki mbili au tatu ambapo Toledo wameshasogea na Kiel bado. Oktoba hadi Novemba kuna wiki moja ya namna hiyo. Humo ndimo mlimokwama.

Kikao kifungeni kwa saa ya Tanga, kwa kuwa ndiyo isiyohama, na kila tangazo libebe saa zote tatu hivi:

Jumatano, 11 Machi 2026. Tanga 16:30 (saa 10 na nusu alasiri), Kiel 14:30, Toledo 9:30.

Mfano huo tumeuchagua makusudi. Siku hiyo ni ndani ya Ramadhani. Timu nyingi hupenda 17:00 ya Tanga kwa sababu Toledo wanakuwa wameshaamka vizuri, lakini 17:00 ya Ramadhani ni saa ya jikoni, na anayeumia zaidi ni mwanafunzi wa kike anayetarajiwa kusaidia futari. Kikao cha 16:30 kinakuja baada ya swala ya Alasiri na kinaisha 17:00. Waambieni wenzenu sababu yenyewe. Mkinyamaza, wao wataona mtu aliyezima kamera na kuondoka katikati ya mazungumzo, nao watajitungia sababu yao.

Mwenzetu wa Kiel aliniuliza kwa Kiingereza kama sijatuma jedwali. Nikajibu ndiyo. Baadaye akalalamika kwa mhadhiri kwamba nilidanganya. Tena maoni yake juu ya kazi yangu ni makali mno: "Sehemu hii haina ushahidi. Andika upya." Ananidharau? — Mwanafunzi, Ngamiani

Hukudanganya. Kwa Kiswahili mtu akiuliza "Hujatuma?" unajibu "Ndiyo, sijatuma", yaani umesema kweli. Kiingereza hakikubaliani na usemi wake, kinaangalia tendo lenyewe: kama hujatuma unajibu hapana, na anayejibu ndiyo anadai kwamba ametuma. Wajapani hujibu kama sisi, kwa hiyo usidhani ni upungufu wa Kiingereza chako. Njia salama ni kuacha ndiyo na hapana kabisa, ukajibu kwa kitenzi: nimetuma, sijatuma, nitatuma Alhamisi saa fulani. Na waombe wasiulize kwa kukanusha.

Kuna maneno mengine matatu ya kuchunga. "Sawa" yetu mara nyingi maana yake ni nimesikia. Wao wanaiandika kwenye kumbukumbu za kikao kuwa umekubali. "Nitajaribu" kwetu ni njia ya heshima ya kusema haiwezekani. "Inshaallah" inategemea sauti, na sauti haionekani kwenye maandishi. Hakuna haja ya kuyaacha, ila kila jukumu lifuatiwe na mstari mmoja: nani, atatoa nini, kwa umbo gani, siku na saa ipi.

Kuhusu ukali, soma tena sentensi yake. "Sehemu hii haina ushahidi" inasema juu ya sehemu, haisemi juu yako. Katika vyuo vya Ujerumani ni kawaida kutenga kazi na mtu, na aliyeisoma kazi yako mpaka akaona pengo la ushahidi amekupa muda wake. Mjibu kwa kuuliza jambo mahususi: ushahidi gani utatosha, bei za sokoni au takwimu za wilaya?

Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yetu, liko upande wa sifa. Mmarekani anaweza kuita rasimu ya kawaida kuwa nzuri ajabu. Mjerumani akisema "si mbaya" huenda amesifu kwa dhati. Sisi tunaanza na "mmefanya kazi nzuri sana, ila kuna kijambo kidogo", na hicho kidogo ndicho kinachobomoa nyumba nzima. Mgeni anaondoka na "nzuri sana" yake. Timu zikishaona hivyo hukimbilia alama za namba, nazo zinazidisha vurugu, kwa sababu katika vyuo vya Ujerumani 1 ndiyo alama ya juu kabisa na 5 ni kufeli. Tumieni maneno matatu tu kwa kila aya ya rasimu: ibaki, irekebishwe, itolewe. Anayeandika "irekebishwe" lazima aandike na sentensi anayoitaka yeye.

Wenzetu wametuma jedwali la alama za utamaduni wa kila nchi, eti Tanzania tuko hivi na vile. Wanataka liwe sura ya kwanza ya ripoti. Je, tukubali? — Mwanafunzi, Kange

Mkatae, kwa hoja. Bila shaka jedwali hilo ni la Geert Hofstede, Mholanzi aliyechambua majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya IBM yaliyokusanywa kati ya 1967 na 1973. Katika hesabu hizo Tanzania haikuwa na alama yake peke yake. Iliunganishwa na Kenya, Ethiopia na Zambia kuwa "Afrika Mashariki". Alama ya wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta wa nchi nne, wa zaidi ya nusu karne iliyopita, haiwezi kumweleza mama mkulima wa mwani wa wilaya ya Mkinga. Hofstede mwenyewe alikusudia kulinganisha nchi, si kumtabiri mtu mmoja. Jedwali litumike kuzaa maswali: nani katika kikundi hiki anaamua bei? Mwanachama kijana anaweza kumpinga katibu mbele ya watu? Kisha waulizeni wenyewe.

Mteja wetu ni kikundi cha kina mama wanaolima mwani na kutengeneza sabuni. Sisi wawili wa Tanga tumegeuzwa wakalimani na matarishi: kapige picha, kaulize bei, tafsiri. Uchambuzi wote unafanyika Kiel na Toledo. Na hesabu yao ya mapato imetoka kubwa hata kina mama wamecheka. — Mwanafunzi, Raskazone

Hili ndilo lililotugusa kuliko yote, na hiyo hesabu iliyowachekesha kina mama inahusiana moja kwa moja na ninyi kugeuzwa matarishi. Anayejua maana ya namba hakuwepo wakati namba inaingizwa kwenye jedwali.

Tazama ilivyokwenda, tukitumia bei ya kufanyia hesabu tu. Kikundi kinasema kimevuna kilo 800. Bei, tuseme, ni shilingi 1,000 kwa kilo. Aliye Kiel anazidisha, anapata shilingi 800,000. Lakini kilo 800 zilipimwa ufukweni, mwani ukiwa mbichi unachuruzika maji, na mnunuzi ananunua mkavu. Kilo 7 hadi 10 za mbichi hutoa kilo 1 ya mkavu. Tukichukua 8, kilo 800 ni kilo 100, na mapato ni shilingi 100,000. Halafu mzunguko wa kupanda hadi kuvuna ni kama wiki 6, kwa hiyo anayezidisha kwa miezi 12 anakosea mara ya pili. Ulizeni pia ni mwani gani: spinosamu, unaostahimili, au kotoni, wenye bei ya juu lakini unaokufa maji yakipata joto. Dalili ni ncha kugeuka nyeupe, kisha unakatika na kuelea. Mpango wa biashara unaodhani kotoni itavunwa mwaka mzima bila kufa ni mpango wa karatasini.

Na vipimo: kamba, kiroba, ndoo. Kimoja kimoja vipimwe kwa futi na mizani siku hiyo hiyo, mbele ya kina mama, kisha namba iandikwe na neno "mbichi" au "mkavu" pembeni yake.

Mahojiano nayo yana kanuni zake. Siku za bamvu, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa sana kuelekea adhuhuri na kina mama wako baharini tangu asubuhi. Kikao cha video saa 4 asubuhi ya bamvu ni kuwanyima kazi. Panga siku za maji mafu, yaani maji yasipopwa sana, karibu na siku ya 8 au 9 ya mwezi mwandamo, na ya 22 au 23. Mahojiano yenye ukalimani huchukua mara mbili ya muda, kwa hiyo maswali ya dakika 30 yatengewe saa nzima. Mwache mama aseme sentensi mbili tatu, ndipo utafsiri. Usikusanye dakika tano kisha ukatoa ufupisho wako, maana hapo umeshachagua cha kuacha bila kujua.

Usiulize "Biashara ikoje?" Atakujibu "Twamshukuru Mungu", hata kama hakuna aliyenunua mwezi mzima, nawe ukitafsiri kuwa biashara ni nzuri umeharibu ripoti. Uliza: mara ya mwisho mliuza lini, kilo ngapi, mlilipwa siku ile ile au baadaye? Majibu yaandikwe kwenye jedwali la safu tatu: maneno ya mteja kwa Kiswahili kama yalivyotoka, tafsiri, na tunavyoelewa sisi. Mwenzako wa Tanga ambaye hakutafsiri apitie safu ya pili. Mashine inaweza kusaidia rasimu, lakini "yeye" yetu haina jinsia na mashine hujichagulia mwanamume au mwanamke, na "juzi" wakati mwingine ni siku mbili zilizopita, wakati mwingine ni zamani kidogo.

Sasa ugawaji wa kazi. Mkalimani wa siku asiandike kumbukumbu; aandike mtu wa Toledo. Mwenyekiti abadilike kila wiki. Ninyi wa Tanga daini sehemu moja ya uchambuzi iwe yenu kwa jina, nasi tungechagua gharama ya kipande kimoja cha sabuni: mafuta, kostiki, unga wa mwani, manukato, kifungashio, nauli ya kufikisha sokoni, na saa za kazi ya mikono, ambazo vikundi vingi havizihesabu kabisa. Hakuna wa Kiel anayeweza kuifanya kazi hiyo vizuri kuliko ninyi.

Wao wapeni wanachoweza wao. Kabla mtu hajaandika "tuuze Ulaya", wa Kiel wasome kanuni namba 1223/2009 ya Umoja wa Ulaya kuhusu vipodozi, ambavyo sabuni ya mwili ni kimojawapo. Inadai awepo mtu au kampuni ndani ya Umoja huo anayewajibika kwa bidhaa, na ripoti ya usalama kwa kila bidhaa. Kwa kikundi kidogo hilo ni ukuta. Huku nyumbani, vipodozi viko chini ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) tangu 2019, na SIDO Tanga, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ndio mahali pa kuanzia kuuliza. Sabuni inayouzwa kihalali Ngamiani na Pangani ina faida ya karibu kuliko ndoto ya Hamburg.

Bando linatumaliza. Kikao kimoja cha video kinakula karibu vocha ya wiki. — Mwanafunzi, Sahare

Video ya kundi hula GB 1 na zaidi kwa saa. Sauti peke yake hula kiasi cha MB 30 hadi 80. Kwa wiki 8 za kikao kimoja cha saa moja, hiyo ni tofauti ya GB 8 au zaidi na chini ya GB 1. Kamera ziwake dakika mbili za salamu, kisha zizimwe zote, za Kiel na Toledo pia, kwa sababu hata picha zao unazilipia wewe unapozipokea. Wawili wa Tanga mkae kwenye kompyuta moja. Anayewasilisha atume faili siku moja kabla, asionyeshe skrini kwa saa nzima. Umeme ukikatika, mwenye simu janja atume ujumbe wa sauti. Dakika moja haifiki MB 1. Na andikeni tangu wiki ya kwanza kwamba aliyekatika ana saa 24 za kupinga uamuzi uliopitishwa bila yeye.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kina mama wa mwani huku Mkinga. Wanafunzi wanataka kuturekodi na kutupiga picha wawaonyeshe wenzao wa Ulaya na Marekani. Tunaweza kukataa? Na sisi tunapata nini?

Shikamoo mama. Mnaweza kukataa, yote au sehemu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka mwenye taarifa ajue zinachukuliwa kwa ajili gani, na kupeleka taarifa za watu nje ya nchi kuna masharti yake. Wenzao wa Ujerumani wanabanwa na sheria yao ya Ulaya tangu 2018, kwa hiyo wataelewa. Kabla ya kurekodi, wawasomee maneno ya namna hii na kila mmoja ajibu kwa sauti yake: "Tunarekodi sauti ili kuandika ripoti ya chuo. Watakaoisikiliza ni wanafunzi sita na wahadhiri wao. Itafutwa tarehe fulani. Unakubali? Unakubali na picha?" Picha iulizwe peke yake. Anayekubali sauti hajakubali picha.

Vipimo vya sabuni yenu, kiasi gani cha mafuta kwa kiasi gani cha kostiki na mwani, msivitoe. Wanafunzi wanahitaji kujua mnatumia shilingi ngapi, si namna mnavyochanganya.

Kabla ya mahojiano ya kwanza, waombeni ukurasa mmoja wa hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi watakayofanya na mipaka yake, kwa Kiswahili, wenye swali moja mnalotaka lijibiwe. Liwe lenu, kwa mfano: tuuze mwani mkavu wote, au nusu tugeuze sabuni? Ripoti ya chuo itakuwa kurasa nyingi za Kiingereza, hiyo ni ya mhadhiri wao. Yenu iwe kurasa mbili za Kiswahili, zilizochapwa, pamoja na ujumbe wa sauti kwa wasiosoma vizuri. Wasiitume tu kwenye simu. Waje siku ya maji mafu, baada ya Adhuhuri, mmoja wenu aisome kwa sauti mbele ya wote, na wa Kiel na Toledo wawe kwenye simu wakisikiliza na kujibu. Kila pendekezo liwe na mambo matatu: litagharimu kiasi gani, nani wa kikundi atalifanya, lianze lini. Lisilo na gharama yake lirudisheni siku hiyo hiyo, kabla hawajapewa alama zao.